Sumaku ya Mpira, Mlangoni mwa Friji Yako

Aliye jikoni na aendelee na kazi yake, aliye garini na aangalie njia. Mimi nitazungumza polepole, na penye jambo la kushika nitalirudia.

Leo tunazungumza juu ya sumaku. Najua ukisikia neno hilo unakumbuka darasa la sayansi: kipande cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, na mwalimu ananyunyiza vumbi la chuma juu ya karatasi. Hiyo ni sumaku ngumu. Ninayotaka kuizungumzia leo ni ya ukoo huo huo lakini tabia yake ni nyingine kabisa. Ni laini, ni nyeusi, inakunjwa bila kuvunjika, na mkasi wa kawaida unaikata. Tuiite sumaku ya mpira.

Iko wapi? Iko kwako nyumbani, kama una friji. Fungua mlango uutazame ule mpira unaouzunguka pande zote nne. Ubonyeze kwa kidole. Chini ya ule ulaini utagusa utepe mgumu kidogo uliofichwa ndani. Huo utepe ndio sumaku ya mpira. Sasa funga mlango utazame nje yake. Pengine pamebandikwa twiga mdogo wa rangi aliyenunuliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, au kadi yenye namba ya simu ya muuza gesi. Geuza kadi hiyo: nyuma ni sumaku ya mpira tena. Toka barabarani. Lile gari la shule ya udereva lenye bango mlangoni asubuhi, jioni mwenyewe amelibandua bango na gari limekuwa la familia. Bango lile nalo ni sumaku ya mpira.

Sasa nauliza swali ambalo ndilo litatuongoza leo. Sumaku hii ni dhaifu. Hakuna asiyelijua hilo. Ukibandika karatasi moja mlangoni mwa friji inashika. Ukiongeza karatasi za kutosha, zote zinateleza chini. Zipo sumaku ngumu za kisasa, zile za neodimiamu zinazong'aa kwa rangi ya fedha, ambazo kwa ujazo ule ule zinaishinda hii mara 20 na zaidi. Kwa nini basi kitu dhaifu namna hii kimeingia katika kila nyumba yenye friji? Kwa nini hatukuwekewa ile yenye nguvu?

Jibu langu, na ndilo nitakalolirudia: sumaku ya mpira ina nguvu fupi. Nasema fupi, sisemi ndogo tu. Nguvu yake haiendi mbali, na kwa sehemu kubwa hutokea upande mmoja. Nguvu fupi, upande mmoja. Tukilielewa jambo hilo, tutaelewa kwa nini mlango wa friji unafungika vizuri, kwa nini mtoto anaweza kuusukuma ukafunguka, na hata namna ya kumkagua muuza gari la mitumba.

Lakini kwanza tuingie kiwandani.

Malighafi yake ya kwanza ni chuma kilichoungana na oksijeni, yaani jamaa wa karibu wa kutu. Ni unga mwekundu. Kiasi kikubwa cha unga huo hutoka kwenye viwanda vya chuma vyenyewe. Bati la chuma kabla ya kupakwa zinki au rangi huoshwa kwa tindikali ili magamba ya oksidi yatoke. Tindikali hiyo ikishachoka inakuwa imejaa chuma kilichoyeyuka. Zamani ilikuwa taka. Siku hizi viwanda vingi huichoma, vikaipata tindikali yake upya, na pembeni vikabaki na unga mwekundu wa kuuza. Mimi napenda sana hatua hii: kilichokuwa uchafu wa kiwanda kimoja kinakuwa mwanzo wa kazi ya kiwanda kingine.

Unga huo mwekundu huchanganywa na unga mweupe wa strontiamu, madini yanayochimbwa ardhini. Ukihesabu atomu kwa atomu, ni strontiamu moja kwa chuma 12. Mchanganyiko huingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi au kuzidi. Humo unga mwekundu na unga mweupe huungana na kuwa kitu kipya: cheusi, kigumu, rahisi kuvunjika, jamii moja na vyombo vya udongo uliochomwa. Wataalamu hukiita feraiti. Hakishiki kutu tena, kwa sababu chuma kilichomo kimekwisha kuungana na oksijeni tangu mwanzo. Lishike hilo, litatusaidia baadaye tukifika kwa fundi wa friji.

Feraiti ina historia ya kuvutia, na inatuhusu sisi watu wa redio. Mwaka 1930 mjini Tokyo, wanasayansi wawili wa Kijapani, Yogoro Kato na Takeshi Takei, waligundua kuwa oksidi za chuma zilizochanganywa na metali nyingine zinaweza kuwa sumaku nzuri. Mwaka 1935 ikaanzishwa kampuni ya kuuza kazi yao. Jina lake ni TDK. Umelitambua? Ndiyo, TDK ya kanda za kaseti, zile tulizorekodia taarabu na dansi kutoka redioni, tukivunja vile vipembe vya juu ili mtu asije akafuta. Na kanda ya kaseti ni nini? Ni unga wa oksidi ya chuma uliogandishwa kwenye utepe wa plastiki. Kwa hiyo kizazi chetu kilikuwa kinashika sumaku inayokunjika miaka mingi kabla ya kubandika twiga kwenye friji.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa kampuni ya Philips huko Uholanzi wakatengeneza feraiti ya bariamu, ambayo ukiipa usumaku inaushikilia kwa nguvu na haiuachi ovyo. Baadaye strontiamu ikachukua nafasi ya bariamu katika sehemu kubwa ya kazi. Jambo kubwa hapa lilikuwa bei. Sumaku nzuri za awali zilihitaji nikeli na kobalti, metali za gharama. Hii ilihitaji chuma na moto. Na kama redio unayonisikilizia ni ile ya spika ya kawaida, lile duara jeusi zito nyuma ya spika aghalabu ni feraiti hiyo hiyo, ikiwa ngumu, haijatiwa mpira.

Tunarudi kiwandani. Feraiti ikitoka tanurini husagwa. Husagwa mpaka kila chembe inafikia upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa nini waisage hivyo? Kwa sababu chembe ikiwa ndogo kiasi hicho, usumaku wake haugawanyiki ndani kwa ndani. Chembe nzima inaelekea upande mmoja, na kuigeuza ni kazi. Ndiyo maana sumaku ya friji ya miaka mingi bado inashika.

Halafu unga huo hutiwa kwenye mashine ya kukandia pamoja na raba ya viwandani. Aghalabu ni polithini iliyotiwa klorini, wakati mwingine raba ya nitraili, ambayo huvumilia mafuta. Na hapa wengi hushangaa. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko, karibu kilo 90 ni unga wa feraiti. Mpira ni kilo 10 tu! Ukishika sumaku ya mpira, umeshika feraiti kwa sehemu kubwa. Raba ipo kidogo, kwa ajili ya kuzishikanisha chembe na kuzipa ruhusa ya kupinda. Kazi ya kukanda ni nzito, mashine ina joto, na lazima kila chembe ipate mpira wa kuizunguka. Pakibaki bonge la unga mkavu, hapo ndipo sumaku itakapokatika ikikunjwa.

Kutoka hapo njia ni mbili. Ikiwa wanataka utepe wa mlango wa friji, donge husukumwa kupitia tundu lenye umbo la utepe, likatoka refu na kuviringishwa. Ikiwa wanataka shiti pana la mabango na kadi, donge hupitishwa katikati ya magurudumu mawili mazito ya chuma, likatoka jembamba, likapitishwa tena, na tena.

Magurudumu hayo yanafanya kazi nyingine isiyoonekana kwa macho, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chembe za feraiti si duara. Ni bapa, zenye pembe sita. Zikibanwa na kuvutwa kati ya magurudumu, haziwezi kubaki zimesimama ovyo. Zinalala, moja juu ya nyingine, kama magamba ya samaki. Na sumaku ya kila chembe hutokea kwenye uso wake bapa, haitokei ubavuni. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba chembe zote zikilala, sumaku zao zote zinatazama juu na chini, zinasaidiana. Shiti lililopangwa hivyo lina uwezo zaidi ya mara mbili ya lile ambalo chembe zake zimekaa shaghalabaghala. Kazi ya mpangilio huo ilipata hataza nchini Marekani mwaka 1961, na mpaka leo viwanda vinaifanya. Unga ni ule ule na mpira ni ule ule. Kilichobadilika ni kulala kwa chembe.

Lakini, ndugu msikilizaji, shiti hilo bado si sumaku. Ukiligusisha kwenye chuma linaanguka. Wenye kiwanda hupenda libaki hivyo, kwa sababu wanahitaji kulikata, kulibandikia karatasi nyeupe ya plastiki ya kuchapia, na kulifungasha bila kila kipande kung'ang'ania mashine na kila vumbi la chuma kung'ang'ania kipande. Usumaku hutiwa mwishoni.

Unatiwaje? Njia moja ni kutumia kapasita. Hizi hujazwa umeme, kisha huuachia wote kwa mkupuo mmoja ndani ya nyaya nene za shaba zilizopangwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Shiti likiwa juu ya nyaya hizo, kufumba na kufumbua limeshakuwa sumaku. Njia nyingine haina umeme wa mkupuo: shiti hupitishwa juu ya gurudumu lililosheheni sumaku kali zilizopangwa kwa zamu, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, na mpango huo ukajiandika kwenye shiti.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Sumaku ya darasani ina ncha mbili, moja huku na moja kule. Sumaku ya mpira ina ncha nyingi zilizochorwa kwa milia. Mlia wa kaskazini, mlia wa kusini, mlia wa kaskazini, mlia wa kusini, milimita chache kila mmoja. Huioni kwa macho, lakini unaweza kuisikia kwa mkono. Chukua kadi mbili za sumaku za friji, zigeuze nyuma kwa nyuma, uso mweusi kwa uso mweusi, halafu uziburute polepole. Upande mmoja zitateleza sawasawa. Bila kuzungusha kadi yoyote, ziburute upande wa pili: zitarukaruka, tik, tik, tik. Kila mruko ni mlia mmoja umekutana na mwenzake. Mwalimu anayenisikiliza, hilo ni somo zima la fizikia ambalo halihitaji maabara.

Sasa fikiri pamoja nami. Nguvu ikitoka kwenye mlia wa kaskazini, inatafuta kusini. Kusini iko wapi? Iko jirani, milimita chache tu. Kwa hiyo nguvu haina haja ya kusafiri. Inatoka, inapinda, inaingia kwa jirani. Ndiyo maana haifiki mbali. Milia ikiwa myembamba, nguvu inakuwa fupi zaidi. Milia ikiwa mipana, inafika mbali kidogo. Mtengenezaji anachagua: kadi nyembamba hupewa milia myembamba, utepe mnene wa mlango hupewa milia mipana.

Na ule upande mmoja? Jaribu kushika pini kwa upande wa picha wa twiga wako. Inashika kwa shida, au haishiki kabisa. Upande mweusi inashika. Hii ni kwa sababu ndani ya shiti usumaku umepindishwa uende kutoka mlia mmoja hadi mwingine kwa chini, usitokeze mgongoni. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kurekodi kwa sumaku, John Mallinson, alionyesha kwa hesabu mwaka 1973 kwamba mpangilio unaofaa unaweza kuisukuma karibu nguvu yote upande mmoja, na akaliita jambo hilo kioja. Baada yake Klaus Halbach, aliyekuwa Berkeley huko California, aliupeleka mpangilio wa aina hiyo kwenye mitambo mikubwa ya kuongoza chembe za atomu. Fizikia ya mitambo ile na ya twiga wa mlangoni kwako imekutana hapo.

Nguvu fupi, upande mmoja. Tuipeleke sasa kwenye friji.

Friji za zamani hazikuwa na sumaku. Zilikuwa na kitasa cha chuma chenye ulimi uliojifunga wenyewe kwa nje, na ukishajifunga, kwa ndani hakuna wa kuufungua. Huko Marekani watoto waliokuwa wakicheza kujificha waliingia kwenye friji zilizotupwa uani au jalalani, mlango ukajifunga, na hewa ikaisha. Wazazi walikuwa wakiita mtaani na mtoto hasikiki, kwa maana mlango ule ule uliozuia baridi kutoka ulizuia na sauti. Vifo hivyo vilikuwa vingi hata Bunge la Marekani likatunga sheria, iliyotiwa saini Agosti 1956. Sheria ilisema: friji inayouzwa lazima mlango wake uweze kufunguliwa kwa urahisi kutoka ndani. Ilianza kutumika kwa friji zilizotengenezwa baada ya Oktoba 1958.

Sheria haikutaja sumaku. Lakini watengenezaji walihitaji mlango unaofunga sawasawa bila ulimi wa chuma, na sumaku laini iliyofichwa ndani ya mpira ikawa jibu. Tazama jinsi tabia zake zinavyoingia hapo. Inafuata mpira unakopinda. Inauvuta mlango katika milimita za mwisho tu, basi haukubamizi kidole. Inabana pande zote nne kwa usawa, hewa ya joto haipenyi. Na ikisukumwa kutoka ndani, ikishaachia milimita chache, nguvu imekwisha, mlango uko wazi. Tungeweka pale sumaku kali inayovuta kutoka mbali, tungekuwa tumerudisha kitasa cha zamani kwa njia nyingine. Mimi nikiutazama mlango wa friji huwaza watoto wale, na ndiyo sababu nimeomba tuzungumze jambo hili leo.

Tuje kwa mama mwenye friji inayokula umeme. Unanunua LUKU, au tokeni kama uko Kenya, na hazikai. Friji inanguruma usiku kucha, barafu inajaa juu, maji yanadondoka mbele. Fanya jaribio la noti. Chukua noti, iweke katikati ya mpira na fremu, ufunge mlango, kisha ivute. Ikivutika kwa ukinzani, mpira unabana. Ikitoka bure, hapo pana mwanya. Usijaribu mahali pamoja. Zunguka pande zote, na hasa zile pembe za chini, ambako uchafu hukusanyika.

Utasikia mtu anasema, "Sumaku imekufa." Mara nyingi haijafa. Nilikwambia feraiti haishiki kutu, na usumaku wake haupotei ovyo; ili feraiti ipoteze usumaku kwa joto inahitaji nyuzi kama 450, na jikoni kwako hakuna joto hilo. Kinachochoka ni mpira unaoifunika. Umekauka, umepasuka, umejaa mafuta na sukari ya juisi, au bawaba zimelegea na mlango umeshuka. Kwa hiyo anza na bei nafuu. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ndani ya mikunjo yake, ukaushe. Kama umejikunja vibaya, ulainishe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, unyooshe kwa vidole, ufunge mlango ukae. Mwambie fundi akaze bawaba. Rudia jaribio la noti. Ikishindikana ndipo ununue mpira mpya, na uhakikishe ni wa kipimo cha friji yako, kwa sababu mpira uliokatwa ukaungwa ovyo utavujisha pale pale ulipoungwa.

Na ule wa zamani usiutupe. Pasua plastiki, vuta ule utepe mweusi. Umepata sumaku ya bure. Kipande kimoja kitafunga mlango wa kabati unaojifungua wenyewe, ukibandika kipande kidogo cha chuma upande wa pili. Kingine kitashika sindano na mkasi wa fundi cherehani. Mwalimu wa chekechea akate vipande, agundishe nyuma ya herufi za kadibodi, na watoto wapange maneno kwenye ubao wa bati la chuma. Ukikata, usiogope kuiharibu: kila kipande kitabaki na kaskazini yake na kusini yake.

Tutoke jikoni twende barabarani. Wewe unayenunua gari lililotumika, sikiliza vizuri. Chukua ile kadi ya sumaku kutoka kwenye friji, ifunike kwa karatasi nyembamba isikwaruze rangi, ipitishe polepole kwenye milango, kwenye mabawa, pembeni mwa matairi. Penye bati la chuma na rangi ya kawaida itashika. Penye puti nene iliyozibia palipobonyea itateleza ianguke, kwa sababu nguvu yake ni fupi na puti imeisogeza mbali na chuma. Sumaku kali ingeshika hapo hapo na kukuficha ukweli. Muuzaji atasema gari halijawahi kugongwa. Wewe umeshapata swali la kumuuliza.

Angalizo moja. Si kila bati ni chuma. Land Rover za zamani, zile zilizopita njia mbaya za nchi hizi miaka mingi, bodi yao kwa sehemu kubwa ni aloi ya aluminiamu. Zilianza hivyo mwaka 1948 kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgawo Uingereza baada ya vita. Sumaku haishiki aluminiamu. Haishiki plastiki ya bampa. Hata baadhi ya vyuma visivyoshika kutu haivishiki, ndiyo maana friji nyingine za kung'aa hazikubali twiga wako.

Na mwenye bango la sumaku kwenye gari, litunze. Kabla ya kulibandika, futa mlango na futa bango, vikauke. Libandue mara kwa mara uoshe, maana maji yakikaa chini yake yanaharibu rangi, na jua likipiga pembeni ya bango kwa muda mrefu litakuachia alama. Ukilihifadhi, lilaze; ukilazimika kulikunja, liviringishe maandishi yakiwa nje. Kona iliyoinuka usiipuuze, upepo wa barabara kuu utaingia hapo na bango litabaki porini.

Kuna matumizi mengine nitayapitia haraka: mapazia ya wavu wa mbu yanayojifunga yenyewe ukishapita, lebo za rafu kwenye maghala, mota ndogo zenye utepe wa sumaku ya mpira uliozungushwa ndani. Haya yote ni kazi nzuri.

Lakini lipo moja siwezi kulipita haraka. Kuna mikanda ya mgongo na soli za viatu zenye sumaku ya mpira, zinazouzwa kwa bei kubwa kwa wazee wetu wenye maumivu. Unaambiwa sumaku inavuta damu, inaondoa ugonjwa. Kumbuka tulichojifunza: nguvu ni fupi. Ikipita kitambaa na ngozi, kilichobaki ni kidogo mno. Na tafiti zilizofanywa kwa uangalifu, za kuwapa wagonjwa sumaku halisi na za bandia bila wao kujua ipi ni ipi, hazijaonyesha kuwa sumaku hizi zinaponya maumivu. Mzee wako akiumwa mgongo, fedha ile ya mkanda mpelekee daktari.

Na la mwisho kabla sijaondoka hewani. Majumbani mwetu na kwenye karakana kuna friji mbovu zimesimama uani, zinasubiri fundi ambaye pengine haji. Nimesema mlango wa sumaku unafunguka ukisukumwa kutoka ndani, na ni kweli. Lakini mtoto mdogo aliyejikunja gizani, au friji iliyosukumwa mlango ukatazama ukuta, au friza ya kulala yenye mfuniko mzito na kufuli lake, hayo ni mambo mengine. Friji hiyo leo hii ing'oe mlango. Bawaba zimeshikwa kwa skrubu chache na bisibisi unayo. Kama ni friza, ondoa mfuniko, na kufuli lake lisibaki. Ukimaliza, mpira wa mlango ule chukua, kazi za utepe wake mweusi unazifahamu.